Nyumba za kudumu kwa kaya maskini vijijini Tanga: fedha ziende kwanza kwenye msingi na paa

Salaam wakuu.

Mwanzisha uzi amesema kikundi chao ni cha wazaliwa wa Muheza na Pangani, wanachanga kila mwezi, na wanataka kuwajengea wajane, wazee na wenye ulemavu nyumba za kudumu badala ya zile za miti na udongo zinazoanguka masika. Ameuliza mambo matatu: wajenge nyumba ya namna gani, vifaa vinakwenda kiasi gani, na kwa nini nyumba nyingi za msaada huchakaa mapema. Bei naziacha, maana bei ya Muheza mjini haifanani na ya Mkwaja kule Pangani, na zote mbili zinabadilika. Nitaweka idadi, kila mtu azidishe kwa bei ya duka lililo karibu naye.

Nianze na swali la mwisho, kwa kuwa ndilo linaloamua mengine. Nyumba ya kijijini huliwa kutokea chini na kutokea juu. Chini ni zile sentimita 30 za kwanza za ukuta, ambako matone ya mvua yanaruka kutoka ardhini, unyevu unapanda na mchwa wanaingia. Juu ni pale kenchi zinapokalia ukuta, ambako upepo unainua paa na maji yanapenya. Ukuta wa katikati hauna shida kubwa. Ndiyo maana utakuta nyumba ya kukandika yenye msingi wa mawe na upenu mpana imesimama miaka na miaka, na jirani yake nyumba ya bloku iliyopandishwa juu ya mchanga mtupu ina nyufa kabla haijapakwa rangi. Fedha za kikundi ziende kwanza chini na juu. Mkiwa na uwezo wa nyumba 4 zilizokamilika, kuna siku mtu atasema kikaoni zijengwe 6 kwa kupunguza msingi na kununua bati jepesi. Mkatalieni hapo hapo, kwa upole lakini bila kulegea.

Kabla ya kununua mfuko mmoja wa simenti, malizeni suala la kiwanja. Muheza na Korogwe kuna kaya zilizokaa miaka mingi ndani ya mashamba ya mkonge ambayo hati zake ni za watu wengine. Kumjengea mtu hapo nyumba ya tofali ni kumzidishia hasara siku atakapoambiwa aondoke. Barabara kuu na za mkoa zina hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni au ukingo wa mto. Kwa Pangani, yenye mto na bahari, hilo si jambo dogo, kwa hiyo chukueni kamba ya kupimia mkapime.

Kwa mjane kuna hatari nyingine. Nyumba ikishapendeza, mashemeji wanakumbuka kwamba kiwanja ni cha ukoo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inatambua haki ya mwanamke, lakini haki hiyo inataka karatasi. Fanyeni kikao cha familia mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Muhtasari utaje jina la mama mwenyewe, uandike mipaka kwa majina ya majirani wa pande zote nne, wanafamilia watie saini au dole gumba, mtendaji wa kijiji agonge muhuri, na nakala ziwe tatu: ya mama, ya ofisi ya kijiji na ya kikundi. Kijiji kikiwa kimeshapata cheti cha ardhi na mpango wa matumizi ya ardhi, ombeni hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lake. Familia ikisita kusaini, nyumba haianzi mpaka isaini. Ni kauli ngumu, na ndiyo itakayomlinda mama huyo siku ambayo hakuna mmoja wenu aliye karibu.

Uchaguzi wa kaya ufanywe na mkutano wa kitongoji. Ninyi mlioko mjini msichague, wala mwenyekiti asichague peke yake. Orodha ya kaya zilizo kwenye mpango wa TASAF (mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini) ni pa kuanzia, ila haitoshi: yupo aliyeingia zamani na hali yake imeshabadilika, na yupo bibi anayelea wajukuu ambaye siku ya uandikishaji alikuwa amelazwa. Majina yasomwe hadharani pamoja na sababu, yabandikwe ofisi ya kijiji wiki mbili, malalamiko yapokelewe kwa maandishi, kisha kamati ikaione kila nyumba kwa macho. Kamati iwe ya wakazi wa pale pale, nusu yao wanawake, na hao hao ndio wachague mafundi, wanunue vifaa na kushika ufunguo wa stoo. Kazi yenu mlioko Dar au nje ni kutuma fedha kwa wakati na kukagua. Mwenyeji ndiye anayejua shimo gani lina udongo mzuri, njia ipi lori halipiti ikinyesha, na fundi yupi huacha kazi katikati akipata nyingine. Hayo hayaonekani kwenye picha mnazotumiwa WhatsApp.

Sasa nyumba yenyewe. Ninayopendekeza ina urefu wa mita 7.2 na upana wa mita 6 kwa vipimo vya nje: sebule, vyumba viwili vya kulala, na baraza ya kukalia mbele. Jiko libaki kwenye banda lake nje ili moshi usiingie vyumbani. Vipimo hivyo vina sababu. Kuta ziwe za tofali za kufungamana, yaani za udongo na simenti zinazofyatuliwa kwa mashine na kushikana zenyewe bila udongo wa simenti katikati. Tofali la aina inayoenezwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi (NHBRA) lina urefu wa mm 300, upana mm 150 na kimo mm 100, hivyo upande mrefu unaingia tofali 24 kamili na mfupi 20. Milango, madirisha na kuta za ndani navyo vipangwe kwa mafungu ya sentimita 15. Fundi asiyelijali hilo atakatakata tofali mpaka kona zisishikane tena.

Kwa nini hizo na si za kuchoma? Tanuri linataka kuni nyingi, na kuni za huku maana yake ni miti ya miteremko ya Usambara, ile ile inayotunza maji tunayokunywa. Bloku za mchanga hazina ubaya, tatizo lake ni lori: mchanga wa mtoni unasafiri, bloku zinasafiri, na kwenye njia za ndani ndani nyingine zinafika zimevunjika.

Hapa nisahihishe jambo linalorudiwa sana, kwamba tofali za kufungamana zinakula nusu ya simenti. Haziokoi kiasi hicho. Ukuta wa nyumba hii unataka tofali karibu 2,900, yaani mifuko kama 40, na mifuko 4 mingine ya kozi ya kwanza na ya rojo la kumimina kwenye matundu ya kona na kando ya milango. Ukuta huo huo kwa bloku za nchi 6 unataka bloku kama 760, sawa na mifuko 25, na ukiongeza udongo wa kujengea na lipu pande zote mbili unafika 48 hivi. Kwa simenti, karibu sawa. Faida iko kwingine: tofali za kufungamana hazilazimishi lipu, tripu za mchanga zinapungua sana, na fedha iliyokuwa iende kwa mwenye lori inabaki kijijini kama malipo ya vijana wanaofyatua. Mkishazijenga halafu mkazipiga lipu nje na ndani ili zifanane na za mjini, faida yote imekwenda.

Ubora wa tofali hizi unaanzia kwenye udongo, na hapa ndipo miradi mingi inapoharibika kimya kimya. Udongo mwekundu wa Muheza na wa Korogwe chini ya milima mara nyingi unafaa, ila pengine una mfinyanzi mwingi na unahitaji kuongezwa mchanga. Udongo mweusi wa mbugani, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, usiufyatulie tofali, wala usijenge juu yake kabla mhandisi wa halmashauri hajauona. Mchanga mweupe wa pwani hauna cha kushikia. Popote utakapochimba, ondoa kwanza tabaka la juu lenye mizizi na mboji, sentimita 20 hadi 30, uchukue wa chini yake.

Vipimo vya kijijini ni viwili na havihitaji maabara. Cha kwanza ni chupa: jaza udongo hadi nusu, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa sana, iache siku nzima. Mchanga utalala chini, vumbi laini juu yake, mfinyanzi juu kabisa. Unatafuta mchanga na changarawe vifike karibu asilimia 70. Cha pili, ambacho ndicho ninachokiamini zaidi, ni sanduku la mbao lenye urefu wa ndani wa sentimita 60, upana 4 na kina 4. Lipake mafuta ndani, lijaze udongo uliolowa, shindilia pembe zote, likauke kivulini siku 7. Kisha sukuma vipande vyote upande mmoja upime pengo lililobaki. Likiwa kati ya mm 12 na 40, endelea. Likizidi hapo, ongeza mchanga na urudie kipimo. Likiwa dogo kupita kiasi na vipande vinamomonyoka, udongo hauna mfinyanzi wa kutosha, tafuta shimo jingine.

Mchanganyiko ni sehemu 1 ya simenti kwa 12 za udongo. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, kwa hiyo ni ndoo 21 za lita 20 za udongo uliochekechwa kwenye wavu wa mm 5 au 6. Hapo unapata tofali 70 hadi 75. Msipime kwa sepetu, maana sepetu ya asubuhi na ya saa tisa hazilingani. Changanyeni pakavu mpaka rangi iwe moja, ndipo mnyunyize maji kidogo kidogo. Kipimo cha maji ni tonge: finyanga, liachie kutoka usawa wa bega juu ya ardhi ngumu. Likivunjika vipande vinne au vitano, sawa. Likisambaratika lote, ongezeni maji. Likibaki donge, mmezidisha.

Kosa kubwa liko hapa. Vibarua wanapenda kuchanganya mfuko mzima au miwili kwa mara moja ili wasimame kidogo. Maji yakishaingia, mchanganyiko una dakika 45 tu za kufaa. Baada ya hapo simenti imeanza kushika, na kuivuruga tena ni kuiua. Tofali itatoka na umbo zuri, itapendeza kwenye rundo, na itamomonyoka mvua ya pili. Changanyeni nusu mfuko kwa awamu. Mashine moja ya mkono yenye watu 4 au 5 waliozoea hutoa tofali 300 hadi 400 kwa siku, kwa hiyo nyumba moja ni siku 8 hadi 10 za kufyatua.

Tofali mbichi zipangwe kivulini juu ya nailoni, zifunikwe, zimwagiliwe asubuhi na jioni kwa siku 7, kisha zikae mpaka zitimize siku 28. Kila rundo liandikwe tarehe kwa chaki, maana fundi mwenye haraka atachukua lililo karibu. Kabla ya kujenga, loweka tofali 3 za kila rundo usiku kucha, asubuhi zikwaruze kwa msumari. Zinazochimbika kama sabuni zisiingie ukutani. Zitumieni kwenye banda la jiko.

Msingi. Alama zipigwe kwa vigingi na kamba, na ulalo kutoka kona hadi kona upimwe pande zote mbili: mita 9.37. Zikitofautiana hata sentimita 2, rudieni, kwa sababu tofali za kufungamana hazisamehi msingi uliopinda. Mtaro uwe na upana wa sentimita 45 na kina cha 60 kwenye udongo mwekundu mgumu. Kwenye mchanga au kifusi, chimbeni mpaka mkute ardhi ngumu. Zege la chini ni sentimita 10, kipimo cha 1:3:6 (simenti, mchanga, kokoto). Juu yake bloku za nchi 6 zilazwe kozi 5, ili ukuta wa msingi utokeze juu ya ardhi sentimita 30 hivi. Kwenye mteremko, sentimita hizo 30 zipimwe upande wa juu wa kiwanja, unakotokea maji. Fundi akipima upande wa chini, mvua inaingia sebuleni.

Ndani ya msingi, kifusi kijazwe kwa tabaka za sentimita 15, kila moja ilowanishwe na kushindiliwa. Nyumba nyingi za msaada zina sakafu zilizopasuka katikati kwa sababu kifusi kilimwagwa chote siku moja, tena kikiwa na majani. Kabla ya jamvi, yaani zege la sakafu, nyunyizeni dawa ya mchwa, mtandike nailoni nzito, na nailoni hiyo ipande hadi juu ya ukuta wa msingi ikutane na tabaka la kuzuia unyevu. Pengo la kiganja kimoja hapo linatosha kupandisha unyevu ukutani. Na tafadhali, kwa walio Pangani na Mkinga: mchanga wa baharini usitumike, hata ukiwa bure. Chumvi yake inakula nondo na kuvuta unyevu mwaka mzima.

Kozi ya kwanza ya tofali ikae kwenye udongo wa simenti na isawazishwe kwa pima maji kila tofali. Hiyo peke yake inaweza kuchukua siku nzima, na fundi asikimbizwe. Kuanzia ya pili zinapangwa zikiwa kavu, kamba na timazi zikikaguliwa kila baada ya kozi 4. Juu ya milango na madirisha upite mkanda kuzunguka nyumba yote pamoja na kuta za ndani, kwa tofali zenye mfereji, nondo 2 za mm 10 na zege la 1:2:4. Nondo zipishane sentimita 50 kwenye maungio na zikunjwe kwenye kona. Wengi wanakata nondo pale pale konani, na hapo ndipo ufa unapoanzia.

Paa nalo. Ndani ya mkanda, kabla zege halijakauka, kila mahali kenchi itakapokaa achieni kipande cha nondo ya mm 8 au chuma bapa kilichonasa chini ya nondo za mkanda, cha kukunjwa juu ya mbao na kupigiliwa. Msumari uliopigwa kutoka juu ya mbao kuingia ukutani hauzuii upepo. Pwani yetu imeshaambiwa ijihadhari na vimbunga, Hidaya ya Mei 2024 ikiwa mmojawapo, na hata bila kimbunga, upepo unaotangulia mvua unatosha kulivua paa lisilofungwa.

Kenchi ni 7, kila mita 1.2, zenye mwinuko wa mita 1.2 katikati. Mbao za 2x4 za futi 12 zinakwenda 42, na papi (mbao za kupigilia bati) za 2x2 za urefu huo huo 28 hadi 30, zikipangwa kila sentimita 90. Misonobari ya Shume, Lushoto, inafaa ikiwa imewekewa dawa kiwandani. Ile ya kupakwa oili chafu kwa brashi haizuii dumuzi. Mitiki ya Longuza ni mbao bora kabisa, lakini bei yake si ya kenchi. Ikipatikana kidogo, ifanyieni fremu za milango.

Upenu uwe sentimita 75 mbele na nyuma, na nusu mita kwenye pande za pembetatu. Huo ndio mwavuli wa ukuta usio na lipu, kwa hiyo yeyote anayetaka kuukata ili aokoe bati amwambie kwanza mama mwenye nyumba nani atakuja kujenga upya ukuta. Bati za mita 3 ni 36: 24 nzima, na 12 zinazokatwa nusu kwa nusu. Kofia za kilele cha paa ni 5. Nunueni geji 28. Namba ikipanda, bati linapungua unene, kwa hiyo geji 30 au 32 si bora hata kama muuzaji anazitaja kwa kishindo. Nendeni dukani na kipimo cha unene, kwa sababu maandishi juu ya bati na bati lenyewe havilingani kila mara. Karibu na bahari bati la zinki tupu halidumu; tafuteni la aluminiamu na zinki lililopakwa rangi. Misumari ipigwe kwenye mgongo wa bati, ikiwa na mpira wake. Ikipigwa bondeni, paa litavuja mwaka huo huo.

Joto na mbu visisahaulike, maana nyumba ya bati isiyopitisha hewa huwafanya watu walale nje, na nje ndiko kwenye malaria. Mbu waenezao malaria hupenda kuingia kwa ule uwazi kati ya ukuta na paa. Uzibeni pande za upenu, kisha acheni matundu makubwa yenye wavu kwenye pembetatu mbili ili hewa ya moto itoke. Madirisha yawe na wavu, na yaelekeane ili upepo upite. Nyumba 6 za mfano zilizojengwa na watafiti kijijini Magoda, Muheza, zilionyesha jambo hilo vizuri: kuta zinazopitisha hewa zenye wavu zilipunguza mbu, na vyumba vya kulala vya ghorofani zaidi bado. Ghorofa si ya bajeti yenu, wavu ni wa bajeti yenu.

Simenti yote kwa pamoja: msingi 25, jamvi na sakafu 18, tofali 40, kozi ya kwanza na rojo 4, mkanda 3, lipu ya nje ya msingi pamoja na baraza 6. Jumla 96, nunueni 100. Choo kina hesabu yake, mifuko 8 hadi 10, na kisiachwe kwa kisingizio cha awamu ya pili. Kiwe mita 30 kutoka kisimani, na Pangani ambako maji yako juu shimo liwe fupi na choo kiinuliwe. Paa hili linafunika eneo la mita za mraba 61, kwa hiyo mvua ya mm 20 inaweza kujaza tangi la lita 1,000. Mfereji wa bati na tangi ni gharama ndogo ukilinganisha na hatua ambazo mama anatembea kila asubuhi.

Mchango wa familia uwepo, lakini uwe wa nguvu: kuchimba mtaro, kuchota maji, kuchekecha udongo. Kwa mzee asiye na nguvu, kitongoji kifanye msaragambo, yaani kazi ya pamoja, kwa zamu iliyoandikwa. Asitozwe fedha wala asidaiwe chakula cha mafundi. Kuna kaya zimeuza mbuzi wa mwisho ili kuwalisha waliokuja kuwasaidia.

Fedha. Akaunti ya benki iwe na watia saini watatu, wawili wakiwa wakazi. Anayenunua asiwe anayetunza stoo. Leja iandike mifuko iliyoingia, iliyotoka na iliyotumika kwa kazi gani, na mifuko mitupu ihesabiwe kila jioni: mitupu 12 ilingane na 12 iliyotoka. Njia hii ni rahisi na inazuia wizi kuliko mlinzi. Bei za vifaa na malipo ya mafundi zibandikwe ukutani ofisi ya kijiji, kila mtu aone. Fundi alipwe kwa hatua, baada ya kamati kukagua: robo msingi ukiisha, robo kuta zikifika kwenye mkanda, asilimia 40 paa likikamilika, na asilimia 10 ibaki mpaka mvua inyeshe na kamati ikague. Vijana wawili watatu wa kijijini wafanye kazi naye tangu nyumba ya kwanza, na mashine ya kufyatulia ibaki kijijini chini ya kikundi chao.

Ratiba inafuata mvua. Masika ni Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba. Malizeni karatasi za ardhi na uchaguzi wa kaya wakati wa masika, pimeni udongo mwishoni mwa Mei, fyatueni Juni na Julai, msingi uchimbwe tofali zikiwa zinakomaa, kuta Agosti, bati lipande kabla Septemba haijaisha. Msihesabu kwamba vuli itachelewa; mvua za Oktoba 2019 zilikata barabara ya Handeni na Korogwe. Kwa mwaka wa kwanza jengeni 2, mjifunze udongo wa kijiji hicho na mafundi wake, ndipo mwende 4 au 5 mwaka unaofuata.

Ukaguzi wa vuli ufanyike siku ya mvua, sio siku ya jua. Angalieni kama maji yanatuama karibu na msingi, kama matone yanafika ukutani chini ya upenu, kama kuna msumari unaovuja, kama mkanda una ufa konani, na kama kuna njia ya mchwa juu ya lipu ya msingi. Kila kasoro iandikwe na jina la atakayeirekebisha, na fundi asipewe ile asilimia 10 mpaka imekwisha.

Mwenye kiwanja cha mteremko au cha mchanga aweke hapa vipimo na picha ya shimo lenye kina cha mita moja, tumwambie aongeze kozi ngapi.